Kaburi la Bure Hulipiwa na Nani?

Hotuba kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Killeen, Texas, iliyoandikwa upya kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, kaka na dada, na ninyi vijana mliovaa sare na mliokwisha kuivua, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie makaburi. Najua wengine mmeguna. Kwetu ukizungumzia kaburi la mtu ambaye bado anakula na kucheka, unaonekana unamchuria. Lakini tunaishi kwenye mji ulioota pembeni mwa kambi ya jeshi, Fort Hood, kambi ambayo jina lake lilibadilishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2025, wala hakuna aliyetuuliza sisi tunaoandika anwani. Humu ndani kuna walioingia jeshini kwa green card. Kuna walioingia kwa mpango wa MAVNI, ule ulioanza mwaka 2009 na kusimamishwa 2016, ambao ulikuwa unatafuta watu wenye lugha fulani, Kiswahili kikiwemo, na kuwapa njia ya mkato ya uraia. Vijana wale sasa wana mvi. Wengi wao ni maveterani, yaani waliokwisha kutumikia jeshi, na veterani ana haki ambazo familia nyingi za kwetu huzisikia siku ya msiba, tena kwa kusimuliwa na mtu wa pembeni.

Msiba ukitokea, sote tunaujua mwendo wake. Linafunguliwa kundi la WhatsApp, anateuliwa mweka hazina, michango inaanza kuorodheshwa jina kwa jina, na kila mtu anaulizia nauli ya mwili hadi Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam. Ni maelfu ya dola kabla hata hujanunua jeneza. Kisha mtu mmoja anasema: "Kwani si alikuwa mwanajeshi? Si azikwe pale kwenye makaburi ya maveterani, barabara ya 195, serikali inazika bure." Wengine wanakataa, wengine wanakubali, kwa sababu watoto wa marehemu wako hapa na wajukuu hawatapanda ndege kwenda kufyeka kaburi kijijini.

Mimi kazi yangu ni hesabu za fedha za umma, na neno "bure" huwa linanifanya nitafute risiti. Leo nataka tuitafute pamoja. Nani alilipia ile ardhi? Nani alilipia barabara za mle ndani, na zege lililofukiwa chini ya nyasi? Nani anamlipa yule anayekata nyasi, na nani atamlipa miaka hamsini ijayo?

Kwanza haki yenyewe, kwa ufupi. Veterani aliyeruhusiwa kuondoka jeshini bila kufukuzwa kwa aibu, na ambaye kama aliandikishwa baada ya tarehe 7 Septemba 1980 kwa kawaida awe ametumikia miezi 24 au muda wote alioitwa, anaweza kuzikwa kwenye makaburi ya kitaifa au ya jimbo. Anapata eneo la kaburi, kuchimbiwa na kufukiwa, sanduku la zege la kuzuia udongo usibonyee, jiwe la kaburi, bendera, na cheti chenye saini ya rais. Mke au mume na watoto wadogo wanaweza kuzikwa pamoja naye. Jeneza, kuhifadhi mwili na shughuli za kampuni ya mazishi ni juu ya familia. Karatasi inayofungua mlango wote huu ni DD-214, hati anayopewa mwanajeshi anapoondoka jeshini. Kama hamjui DD-214 ya mumeo au mwanao iko kwenye droo gani, basi hilo ni la kumaliza kesho asubuhi.

Sasa hesabu.

Marekani ina koo mbili za makaburi ya wanajeshi, na watu huyachanganya. Ukoo wa kwanza ni makaburi ya kitaifa. Ulianza katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Julai 1862, Bunge la Congress lilipompa Rais Abraham Lincoln mamlaka ya kununua viwanja vya kuzikia askari. Mwaka 1973 mengi ya makaburi hayo yalihamishwa kutoka Jeshi la Nchi Kavu kwenda idara ya maveterani, ambayo leo inasimamia zaidi ya 150. Arlington, yale mnayoyaona kwenye televisheni, yalibaki chini ya Jeshi. Kwenye ukoo huu kila senti hutoka Washington. Mwaka wa fedha 2024 bajeti ya kuyaendesha ilikuwa kiasi cha dola milioni 480.

Ukoo wa pili ni makaburi ya majimbo, na hapo ndipo yetu ya Killeen yalipo. Texas inayo manne yaliyokwisha zoeleka: haya ya kwetu na ya Mission yalianza kuzika mwaka 2006, kisha yakafuata ya Abilene na Corpus Christi. Nchi nzima yako kama 120 hivi yaliyojengwa kwa ruzuku, mengi ya majimbo, na machache ya makabila ya wenyeji wa Marekani na ya visiwa vilivyo chini ya Marekani.

Mpango wa ruzuku uliwekwa na sheria ya mwaka 1978. Mwanzoni Washington ilitoa nusu na jimbo nusu, na majimbo mengi yakasuasua. Mwaka 1998 sheria ikabadilishwa: serikali kuu ikakubali kulipa hadi asilimia 100 ya gharama za ujenzi, pamoja na vifaa vya kuanzia, yaani mashine za kuchimbia, za kukatia nyasi, na malori. Baada ya hapo majimbo yalianza kupanga foleni. Tangu mpango uanze, ruzuku zilizotolewa zimepita dola bilioni moja, na miaka ya karibuni Congress imekuwa ikitenga kati ya milioni 45 na 60 kila mwaka.

Ruzuku hiyo hainunui ardhi. Ardhi lazima iwe ya jimbo kabla ya maombi. Jimbo linatanguliza pia fedha za wasanifu na wahandisi, kisha linarudishiwa mradi ukipitishwa. Foleni nayo ina utaratibu: kwanza hupewa makaburi yaliyopo ambayo nafasi inakaribia kwisha, ili mazishi yasisimame, ndipo yanafuata maombi ya makaburi mapya. Ukarabati wa kawaida uko nyuma kabisa ya foleni. Likumbukeni hilo la nyuma ya foleni, nitalirudia.

Kwa nini Washington iwe karimu hivi? Kwa sababu inajiwekea lengo kwamba karibu kila veterani awe na makaburi ya aina hii ndani ya maili 75 kutoka nyumbani kwake. Kufikisha makaburi ya kitaifa kila pembe ya nchi ni gharama ya ujenzi na gharama ya uendeshaji bila mwisho. Kulijengea jimbo ni kulipa mara moja, halafu uendeshaji unakuwa mzigo wa mwingine. Mtu wa hesabu akiutazama mpango huu anaona kwamba aliyeubuni hakuwa mjinga.

Na majimbo yanakubali kwa nini? Hapa niseme kama raia, si kama mhasibu. Kuzindua makaburi ya maveterani ni siku nzuri sana kwa mwanasiasa. Kuna bendera, kuna tarumbeta, kuna wazee waliovaa medali, kuna utepe wa kukata. Hakuna sherehe ya kuzindua bili ya maji.

Wahenga wetu walilisema hili zamani: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ujenzi ni mimba. Washington inalea mimba, tena vizuri, halafu inamkabidhi jimbo mtoto ambaye hatakua wala hatahama nyumbani milele.

Twendeni tukamtazame mtoto huyo kwa karibu.

Ukiingia pale barabara ya 195 unaona safu za mawe meupe. Jiwe moja la marumaru la kusimama lina urefu wa inchi 42, upana wa 13 na unene wa 4, na uzito wake ni kama ratili 230. Sehemu ya urefu huo, isiyofika nusu, iko ardhini. Jiwe linaletwa na idara ya maveterani bila malipo, hata kwenye makaburi ya jimbo, na hilo ni sawa. Lakini likishasimama, udongo unaanza kazi yake. Mvua kubwa ikinyesha unalegea, kiangazi kikija unapasuka, na jiwe la ratili 230 linazama upande mmoja, kidogo tu, kiasi ambacho ukipita na gari huoni. Mfanyakazi wa makaburi anaona. Anavuta uzi kutoka mwisho mmoja wa safu hadi mwingine, anaangalia kimo na mnyooko, analing'oa jiwe lililopinda, anatia kokoto chini, anashindilia, analirudisha, anapima tena. Kisha anakwenda kwenye jiwe linalofuata. Viwango vya idara ya maveterani vinadai safu zinyooke, maandishi yasomeke, nyasi zifunike kaburi, na ukungu usitie weusi kwenye marumaru. Jimbo lililopokea ruzuku linatarajiwa kuvifikia. Kazi hii haina siku ya kwisha, maana ukimaliza safu ya mwisho, ya kwanza imeshaanza kuzama.

Makaburi mengi mapya yana kitu ambacho wageni wetu kutoka nyumbani hushangaa wakikiona. Wakati wa ujenzi mkandarasi anachimba uwanja mzima kwa mara moja, anapanga masanduku ya zege chini, anayafukia na kuotesha nyasi juu. Siku ya mazishi haichimbwi sana. Yanaondolewa majani na udongo, kifuniko kinanyanyuliwa, jeneza linashushwa. Sanduku hilo ni la watu wawili, mmoja chini na mwingine juu, mume na mke. Kwa mtazamo wa fedha ni jambo la akili: eneo linatosha watu wengi zaidi, eskaveta inafanya kazi saa chache, na gharama ya zege iko kwenye ruzuku badala ya bajeti ya jimbo. Kwa ndugu zetu Waislamu, kuzikwa wawili kaburi moja bila dharura ni jambo lenye maneno, na hata kwa baadhi ya wazee Wakristo ni gumu. Ushauri wangu ni kuwauliza wasimamizi mapema, mtu akiwa hai, siyo maiti ikiwa kwenye jokofu. Maveterani wawili waliooana wanaweza kupata makaburi mawili yaliyo pamoja. Juu ya jiwe nako kuna alama za imani za kuchagua, mwezi na nyota ukiwemo.

Na tujue pia kwamba sisi ni wateja wa gharama. Wamarekani wengi siku hizi huchomwa, na majivu huwekwa kwenye vyumba vidogo vya ukutani. Ukuta huo haukatwi nyasi, na maji yake ni ya kuosha tu. Sisi tunataka udongo. Sisemi tubadilike, mimi mwenyewe nataka udongo. Nasema kwamba tunapoombea bajeti ya makaburi haya, tunaomba kwa niaba yetu hasa.

Halafu maji. Hii ni Texas. Nenda El Paso, kwenye makaburi ya kitaifa ya Fort Bliss. Katika muongo wa kwanza wa karne hii waliamua kuondoa nyasi na kuweka changarawe na mimea ya jangwani, kwa sababu nyasi za kijani jangwani ni sawa na kumwaga pesa kwenye mchanga. Kwa mhasibu ni uamuzi safi kabisa. Lakini familia zilipokuja kuwatembelea wapendwa wao zilikuta vumbi na mawe, zikaona wamewatupa watu wao, na malalamiko yakadumu miaka. Somo la gharama hapo ni kwamba kwenye makaburi huwezi kupunguza matumizi kimyakimya kama unavyopunguza karatasi ofisini. Kila senti unayoibana inaonekana, tena na mtu aliyekuja kulia.

Sasa upande wa mapato, maana kila hesabu ina pande mbili.

Washington hulipa jimbo kitu kinachoitwa posho ya kaburi. Jimbo likimzika veterani bila kumtoza, linapewa posho hiyo mara moja. Mwaka 2001 ilipandishwa kuwa dola 300, kuanzia Oktoba 2011 ikawa 700, na tangu hapo hupandishwa kila mwaka kufuatana na mfumuko wa bei. Kwa mwaka wa fedha ulioanza Oktoba 2024 ilikuwa dola 978.

Tufanye mfano, na ni mfano tu. Tuseme makaburi fulani ya jimbo yanazika maveterani 500 kwa mwaka. Mia tano mara 978 ni dola 489,000. Si haba. Wafanyakazi kumi, kila mmoja akigharimu mwajiri dola 50,000 pamoja na bima, ni dola 500,000. Posho imekwisha na bado tuko chini kwa dola elfu kumi na moja, na hatujanunua mafuta ya mashine, mbolea, maji, umeme, wala kubadilisha tairi. Na mke wa veterani? Naye anazikwa, naye anachimbiwa, naye anaandikwa jiwe, lakini posho hii imekusudiwa veterani. Ndiyo maana majimbo kadhaa huitoza familia ada kwa ajili ya mke au mume. Mtu akikwambia "kule jimbo fulani walitutoza," usidhani ameibiwa.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kalenda. Posho huja siku ya mazishi. Gharama huja kila siku baada ya mazishi. Makaburi yakiwa machanga, mazishi ni mengi na nyasi ni chache, hesabu inakaa vizuri, na mkurugenzi anapongezwa. Yakizeeka mambo yanageuka. Wamarekani milioni 16 walitumikia Vita Kuu ya Pili, na karibu wote wamekwenda. Kizazi cha Vietnam sasa ndicho kinachozikwa kwa wingi. Baada yao jeshi ni dogo, la kujitolea, maveterani wanapungua. Itafika miaka ambapo mazishi kwa mwaka yatakuwa machache na posho ndogo, huku ekari za kutunza zikiwa nyingi kuliko wakati wowote. Mapato yanafuata mazishi, matumizi yanafuata makaburi. Mpango mzima umejengwa juu ya njia mbili ambazo lazima zitaachana, na tarehe ya kuachana inaweza kukadiriwa na karani yeyote mwenye takwimu za umri wa maveterani.

Wala jimbo haliwezi kukimbia. Sheria inasema likiacha kuyaendesha kama makaburi ya maveterani, au likiacha kuyamiliki, serikali kuu ina haki ya kudai ruzuku yote irudishwe. Si kwamba natetea jimbo kukimbia. Waliozikwa pale wamezikwa. Nataka mwone tu kwamba jimbo lilipotia saini ya kupokea mamilioni ya ujenzi, lilitia saini deni lisilo na mwisho, na mahali pengi deni hilo haliandikwi kama deni. Linaandikwa kama matumizi ya mwaka huu, na mwaka ujao tena kama matumizi ya mwaka huo.

Majimbo huziba pengo kila moja kwa mbinu zake. Mengi huchota tu kwenye mfuko mkuu wa kodi, ambako makaburi yanashindana na shule na magereza. Missouri, yenye makaburi matano, inategemea kwa sehemu ada ya kuingia kasino. Ndiyo, mmesikia sawa: mtu anaingia kucheza kamari, na kasehemu ka ada ya mlangoni kanakwenda kwenye mfuko wa nyumba za wazee wa vita na makaburi yao. Watu wakipunguza kwenda kasino, mfuko unapungua, ingawa wafu hawajapungua hata mmoja. Hapa Texas, mwaka 2001 wapiga kura walikubali marekebisho ya katiba yaliyoiruhusu bodi ya mikopo ya ardhi na nyumba ya maveterani kutumia fedha za mifuko yake kwa ajili ya makaburi. Kwa maneno mengine, veterani anayelipa mkopo wa nyumba anachangia kaburi la mwenzake. Napenda muundo huu kuliko wa kasino, lakini nao una udhaifu wake: biashara ya mikopo ina miaka minene na miaka mikavu, na nyasi haziulizi riba iko ngapi.

Kuna pia ruzuku ya shirikisho ya uendeshaji na ukarabati, kwa ajili ya kufikia vile viwango nilivyovitaja. Ina kikomo cha kila mwaka kwa nchi nzima. Na kumbukeni foleni: ukarabati wa kawaida uko nyuma, ujenzi uko mbele.

Ndugu mmoja aliniambia kabla sijapanda hapa: "Kwa nini fedha hizi zisipewe walio hai? Kuna maveterani wanalala chini ya madaraja." Ni hoja nzito na sitaikwepa. Kama ingekuwa lazima nichague kati ya kitanda cha askari aliye hai na marumaru ya aliyekufa, ningechagua kitanda. Lakini ukiangalia ukubwa, milioni 60 za ujenzi wa makaburi ya majimbo kwa mwaka ni tone katika bajeti ya maveterani inayohesabiwa kwa mamia ya mabilioni. Kuzifuta hakumwondoi mtu chini ya daraja. Na ahadi ya kaburi ilitolewa kabla ya mtu kula kiapo. Ukishapokea huduma yake, huanzi kujadili upya malipo.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunajua upande mwingine wa hesabu hii. Nenda Nairobi, Taveta, Voi, Moshi, Dar es Salaam, utakuta makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola. Nyasi zimekatwa, majina yanasomeka, karne nzima sasa. Gharama zake hugawanywa kati ya nchi sita kwa uwiano wa idadi ya makaburi ya watu wao: Uingereza peke yake hubeba zaidi ya robo tatu, zikifuatiwa na Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na India. Ni kanuni, haibembelezwi kila mwaka, na ndiyo maana imedumu. Lakini kanuni inayohesabu makaburi humwacha nje asiyepewa kaburi. Ripoti ya tume hiyo hiyo ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza na baada yake kidogo, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Hao ndio wapagazi wetu waliobeba risasi na unga kutoka pwani hadi maporini. Waliwekewa sanamu mijini badala ya makaburi, na kati ya sababu zilizotolewa enzi hizo, gharama ilikuwemo. Uingereza iliomba radhi bungeni mwaka huohuo wa 2021. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mjadala wa bajeti ya makaburi ni mjadala mkavu wa tarakimu, mimi namwonyesha tarakimu hizo.

Pendekezo langu basi. Sheria za Texas zinamtaka mfanyabiashara anayeuza makaburi kwa ahadi ya utunzaji wa kudumu aweke sehemu ya kila mauzo kwenye mfuko wa amana. Mtaji wa mfuko haugusi. Anatumia faida yake tu kutunza makaburi, na idara ya benki ya jimbo inamkagua. Ni sheria nzuri, ilitungwa kwa sababu kuna waliouza viwanja, wakala pesa, wakaacha magugu. Serikali inajua, basi, kwamba ahadi ya milele bila amana ni maneno. Kwa nini haijibani yenyewe kwa namna hiyohiyo?

Ningependa kila posho ya kaburi inayoingia, sehemu yake, hata dola mia, itengwe kwenye mfuko usioguswa, sasa hivi wakati mazishi bado ni mengi. Tukirudi kwenye mfano wetu wa mazishi 500, ni dola 50,000 kwa mwaka. Ni fedha ndogo, na ndiyo uzuri wake. Kwa miaka thelathini, pamoja na faida, mfuko utaweza kulipa mishahara kadhaa bila kumgusa mlipakodi wala mcheza kamari. Ningependa pia posho ilipwe kwa mke au mume, maana udongo unaochimbwa ni uleule. Hilo la pili ni la Congress. La kwanza ni la Austin, makao makuu ya jimbo letu, na Austin ni mwendo wa saa moja na kidogo kutoka hapa.

Bunge la Texas hukaa kwa kawaida mara moja kila miaka miwili, Januari ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa siku 140. Ukisubiri lifunguliwe umechelewa, kwa sababu idara huwasilisha maombi ya fedha miezi kadhaa kabla. Mikutano ya bodi ya mikopo ya maveterani iko wazi kwa umma, na mtu yeyote anaweza kujiandikisha kusema. Sijawahi kuona Mwafrika Mashariki pale mbele. Tunao humu wanajeshi wastaafu wenye Kiingereza safi na suti nzuri za kanisani. Wawili tu wakienda na swali kuhusu fedha za matunzo, siyo za ujenzi, watasikilizwa, kwa sababu swali hilo huulizwa na wachache.

Moja la mwisho kwa wale watakaosafirisha mwili nyumbani. Idara ya maveterani hutoa jiwe kwa kaburi lisilo na jiwe mahali popote duniani, na hulifikisha bila malipo. Kulisimika ni juu ya familia. Kwa hiyo baba akizikwa Kisii au Kigoma, jiwe lake anaweza kulipata.

Pale kwenye meza ya nyuma, karibu na chai, kuna nakala za fomu 40-10007, ya kuthibitisha haki ya kuzikwa kwenye makaburi ya kitaifa kabla mtu hajafa. Inajazwa bure, nayo hiyo bure ni ya kweli. Njooni na nakala ya DD-214, siyo ile halisi, ile halisi iacheni nyumbani. Binti aliyekaa pale atawasaidia hadi saa tatu. Na kabla hatujala, naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Karibu, mzee, uliza.